Mama Aliyeshukuru Miluzi

Unanijua vizuri: mimi si mtu wa uwanjani tena. Miguu haitaki ngazi, masikio hayataki makelele, na Jumapili mchana mwili wangu unaomba kitanda tu. Lakini wiki iliyopita shemeji yangu alikuja na tiketi mkononi, akasema nikikataa atawaambia ndugu wote kwamba nimezeeka. Nikaona heri jua la uwanjani kuliko masimango ya ndugu. Tukaenda. Mchezo haujapata hata moto, mshambuliaji wetu, yule ambaye kila simu ya mji huu inasema mshahara wake ungelisha mtaa wa Bel-Air mzima, akakosa mpira mwepesi mbele ya goli. Uwanja wote ukampigia miluzi.

Wewe uliondoka zamani, labda umesahau. Kwetu Lubumbashi mtu akiudhika na mchezaji wake hapigi kelele za mdomo wazi. Anatia vidole viwili mdomoni, anakunja ulimi, anatoa pumzi yote. Mmoja akipiga utadhani anamwita mbwa wake. Uwanja mzima ukipiga, unaisikia kwenye meno. Na mchezaji wa timu ngeni hapewi heshima hiyo. Yeye hutukanwa kidogo na kusahauliwa. Miluzi ni ya mtoto wa nyumbani aliyetuudhi, na zaidi yule anayekula vizuri.

Shemeji alipiga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilikaa, mikono mapajani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka, naye akanipa maji akidhani ni jua.

Nilikulia mtaa wa Kampemba, kwa bibi mzaa mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita kaku, kama watu wa Kasai wanavyowaita bibi zao. Kaku aliuza makayabu sokoni, samaki mzito wa chumvi anayenuka mpaka kwenye ndoto. Harufu yake ilikuwa kwenye vikwembe vyake vya kitenge, kwenye mkeka, kwenye daftari zangu za shule. Mwalimu alikuwa ananiweka karibu na dirisha. Siku za kazi tulikula bukari, ugali wetu, na mabaki ya makayabu yasiyouzika, na sijui kwa nini mpaka leo mate yananijaa nikiyakumbuka. Jumapili ilikuwa ya sombe, kisamvu chetu. Tangu alfajiri nilikuwa natwanga, mchi ukigonga kinu cha kwetu na kinu cha jirani kikijibu, mbabula, jiko letu la makaa, ikitoa moshi kwa sababu makaa yalikuwa na unyevu, na kaku akiimba nyimbo za misa huku akinigombeza katikati ya beti.

Baada ya misa ndipo alipoanza kujitayarisha kwa kweli. Alichukua ndimu, akaikata, akasugua vidole vyake vya mkono wa kulia mpaka vikawa vyeupe. Ni kwa ajili ya mluzi. Alisema chumvi ya makayabu inaharibu sauti. Kaku wangu, mama wa kanisa, mwenye sketi ndefu na rozari shingoni, alikuwa na mluzi unaojulikana upande wetu wote wa uwanja. Watu walisubiri aanze yeye. Wanaume wenye ndevu walimgeukia kabla ya kutia vidole vyao mdomoni, kama wanaomba ruhusa.

Ubishi juu ya jambo hilo ulikuwa mkubwa hata wakati ule, usidhani umeanza na simu. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Maniema, mpole, mwenye kupenda mpira kuliko chakula. Yeye hakupiga miluzi hata siku moja. Alikuwa akija jioni kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kumwambia kaku, "Mnyonge mnyongeni, mama, haki yake mpeni. Ule mutoto anacheza na roho yake."

"Mnyonge gani?" kaku alijibu. "Mnyonge iko na gari? Mi nikiuzisha makayabu ya kuoza, bantu banaweza kunyamaza? Banitukana mbele ya batoto yangu. Na yee anauzisha mupira. Akiuzisha ya kuoza, asikie miluzi."

"Lakini ni mutoto yetu."

"Njo sababu iko mutoto yetu! Mutoto ya bengine, mi ninamupigia ya nini?"

Fundi alicheka, akanywa, na kesho yake wakaanza tena hapohapo walipoachia. Mimi nilikuwa upande wa kaku. Niliona hoja yake ya makayabu haina mlango wa kutokea. Leo ningekaa katikati, ningenyamaza, ningeomba munkoyo zaidi.

Mtoto waliyekuwa wakimgombania alikuwa mshambuliaji mrefu, mweusi, mwenye aibu, aliyeletwa na timu kutoka kijiji kimoja cha Kasai. Ilisemekana hakuna mchezaji aliyewahi kulipwa kama yeye katika mji wetu. Watu walimbandika jina: Mushahara. Alipofunga, waliimba Mushahara. Alipokosa, waliuliza Mushahara yuko wapi. Timu ilimpa nyumba Bel-Air, yenye geti la chuma, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu kwa lugha, kaku alimchukua kama mwanawe. Alikuwa anakuja kula bukari kwetu katikati ya wiki, anakaa kwenye kigoda kidogo, magoti yakifika masikioni, anasema Kiluba cha Kasai na kaku mpaka giza linaingia. Kaku alimkaangia samaki Jumatano na Jumapili akampigia miluzi. Wote wawili hawakuona tatizo. Mara moja nilimsikia akimwambia kaku kwamba anautambua mluzi wake hata katikati ya umati, na kaku akafurahi kweli, akamwongezea bukari.

Msimu mmoja mambo yalimharibikia. Goti, walisema wengine. Uchawi, walisema wengine, maana kwetu goti halitoshi kuwa sababu. Hakufunga, na tena hakufunga. Miluzi iliyokuwa ya dakika moja ikawa ya mchezo mzima. Alipokuja kula aliacha nyama kwenye sahani. Nilikuwa mtoto, lakini niliona.

Hapo ndipo mama yake alipofika.

Alikuja kwa treni kutoka Kasai, safari ile ya siku nyingi, na mfuko wa mahindi, kuku wawili hai, na miguu iliyovimba. Hakujua neno la Kiswahili wala la Kifaransa. Mwana alimleta kwetu moja kwa moja ili apate mtu wa kusema naye. Alikuwa mama mdogo wa umbo, kicheko karibu, akimshika kila mtu mikono miwili. Alikuwa amesikia kijijini kwamba mwanawe ni mtu mkubwa Lubumbashi. Alikuja kuona kwa macho yake kabla hajafa, alisema hivyo waziwazi, kama mtu anayesema amekuja kununua chumvi. Jumapili akataka kwenda uwanjani. Mshambuliaji akajaribu kumzuia: kuna jua, kuna watu wengi, miguu yake. Mama akacheka tu. Kijana akamtazama kaku, na kaku akatazama chini.

Kwa hiyo tulikwenda: mama mgeni katikati, kaku kulia kwake, mimi kushoto, na mjomba wangu, mwana wa kaku, nyuma yetu. Nakumbuka kaku alikuwa amesugua vidole kwa ndimu kama kawaida. Mazoea hayana mgeni.

Kipindi cha kwanza mpira ulimfikia Mushahara akiwa peke yake, kipa ameanguka, goli liko wazi kama mlango wa kanisa. Akapiga juu.

Mluzi ukaanza. Ulianza upande wa pili, ukazunguka, ukatufikia. Mjomba nyuma yetu alikuwa ameshatia vidole. Kaku aliinua mkono wake, ukabaki hapo, karibu na kidevu. Na yule mama akasimama.

Nikwambie jambo ambalo sisi, hata kaku, hatukulijua siku ile. Kijijini kwao, ngoma ikichezwa na mtu akacheza vizuri kupita wengine, watu humpigia miluzi. Ndiyo sifa ya juu. Hakuna zaidi yake. Kucheza vibaya kwao kunapewa kimya. Basi alichokisikia yule mama ni mji mzima, watu asiowajua hata mmoja, wakimsifu mwanawe kwa pumzi zao zote. Akafunga kikwembe upya kiunoni. Akapiga vigelegele. Akaanza kucheza pale kwenye ngazi ya saruji, na miguu ile iliyovimba, akigeuka kulia, akigeuka kushoto, akiinamia watu: "Twasakidila! Twasakidila!" Tunashukuru, tunashukuru. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Watu waliokuwa karibu walimtazama kama mwendawazimu. Mwanaume mmoja akamwambia mjomba, "Ule mama iko namna gani?"

"Njo mama yake," ndiye mama yake, mjomba akasema, vidole bado viko mdomoni.

"Mama ya nani?"

"Ya Mushahara."

"Yesu," yule mwanaume akasema, akatoa vidole vyake.

Neno likapita mstari kwa mstari. Njo mama yake. Hapana kupiga, mama yake iko hapa. Nililiona linavyopita kwa sababu mikono ilikuwa inashuka mbele yake. Upande wetu ukanyamaza karibu wote. Lakini uwanja ni mkubwa, na upande wa pili hawakujua kitu. Waliendelea, tena kwa nguvu. Mama akawageukia hao, akanyoosha mikono kuvuka uwanja mzima, akawashukuru.

Kisha akainama akamuuliza kaku wanasema nini, kwa sababu sasa kulikuwa na maneno pia. Walikuwa wanaimba kwamba Mushahara arudishe mshahara. Kaku hakuwa mtu wa kusema bongo, yaani uongo; kwa bongo alituchapa fimbo. Alificha vidole vyake ndani ya kikwembe. Akamjibu kwa lugha yao kwamba wanaimba jina lake, kwamba ndilo jina la mapenzi walilompa hapa, Mushahara, na maana yake ni mtu wa thamani. Yule mama akanigeukia mimi, akitabasamu, kana kwamba mimi mtoto ndiye nitathibitisha. Nikatazama uso wa kaku. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Kama unangoja nikuambie kwamba kijana alifunga, hapana. Alikosa tena. Kipindi cha pili kocha akamtoa, na hapo ndipo uwanja ulipomaliza pumzi yake yote juu yake. Aliondoka polepole, kichwa chini. Alipofika karibu na upande wetu, akainua macho. Sijui ni kikwembe alichokitambua au vigelegele. Alimwona mama yake anacheza. Alisimama kidogo. Alielewa, nadhani, kwa sababu yeye aliyajua yote mawili, ya kijijini na ya mjini. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akainama mbele ya miluzi ile, taratibu, kama mchezaji ngoma anayepokea sifa. Upande wa pili walidhani anawadhihaki, wakazidi. Na walivyozidi, mama alizidi kulia kwa furaha.

Tangu siku ile nimewaona watu wengi wakijikaza. Sijamwona mwingine aliyejikaza namna ile, na nikimkumbuka bado moyo unaniuma.

Jioni kaku alichinja mmoja wa kuku wa mgeni. Kwetu firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, na tangu babu afe ilikuwa ya mjomba, bila mjadala. Siku hiyo kaku alipita mbele ya sahani ya mjomba akaiweka kwenye sahani ya mshambuliaji, aliyekosa kila mpira aliopewa. Mjomba akavuta sahani yake, akala. Mama alisimulia mchezo wote upya, akatuonyesha kwa mikono jinsi mji ulivyopiga miluzi, na mwana akajibu, "Eyowa, mamu," ndiyo mama, akaendelea kutafuna. Fundi alikuja kusalimia, akakaribishwa, akasikiliza bila kuelewa lugha, akaelewa yote. Alikunywa munkoyo wake. Hakumwambia kaku, "Nilikuambia." Wangekuwa wengine wangesema.

Mama alirudi Kasai kwa treni ileile. Msimu ulipokwisha kijana naye akauzwa timu nyingine, mbali. Na kaku? Ningependa kukuambia aliacha. Kaku hakuwa malaika. Alikaa muda bila kupiga, ndimu zikaozea jikoni, kisha akaja mshambuliaji mwingine, mvivu zaidi, na vidole vikarudi mdomoni. Kilichobadilika ni kitu kimoja. Kabla ya kupiga alisimama kwanza, akageuka, akatazama nyuso za watu mstari kwa mstari, akitafuta mama. Mjomba akamcheka: "Mama, utachelewa, mupira itaisha!" Akatazama hivyohivyo mpaka alipoacha kwenda uwanjani kabisa.

Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, kaku amezeeka, soko limemshinda, siku yule mshambuliaji alipokuja kutusalimia. Alikuwa ameacha mpira, kiuno kimejaa, anatembea akiburuta goti. Alileta habari kwamba mama yake amekufa. Tukakaa naye uani, nikawasha mbabula, nikampa kigoda kilekile kwa sababu hatukuwa na kingine.

"Kaku," akasema, "mama alikuwa anabaambia bantu bote. Ati kule Lubumbashi, muntu akikuwa mukubwa, muji muzima inamupigia miluzi. Kila siku alikuwa anaelezea ile. Siku ya kumuzika, bantu ya kijiji bakasema, sawa, tumufanyie mama kama vile balimufanyia mutoto. Bote bakapiga. Bazee, batoto, bote."

Kaku alichochea makaa ya mbabula. Kisha akauliza, "Na weye?"

"Na mi nilipiga."

Kaku alishika kifuniko cha sufuria kisichohitaji kushikwa. Akasema Mungu atusamehe, ile bongo ilikuwa muzuri. Halafu akamkaripia kwa nini amekonda usoni, wakati hakuwa amekonda hata kidogo, akanituma unga.

Sasa kaku hayupo. Fundi hayupo, watoto wake waliuza nyumba, pale pamejengwa stoo. Mjomba amekuwa mzee wa kulalamika juu ya waamuzi. Makayabu yanakuja kwenye mifuko ya plastiki, hayanuki. Wala wachezaji hawaji tena kula bukari kwenye kigoda cha mtu. Wanakaa nyuma ya kuta, na sisi tunawajua kwa picha. Shemeji alipoendelea kuniuliza njia nzima ya kurudi kama mimi naona ni haki kumpigia miluzi mtu anayelipwa namna ile, nilimwomba maji tena. Haki ipo. Umelipa tiketi, umechomwa na jua, yeye ameuza mpira wa kuoza. Kaku alisema kweli, na sijapata wa kumshinda. Lakini zamani miluzi ilibaki uwanjani. Ulitoka getini ukaiacha pale, na Jumatano mtu alikuwa mwanao tena, anakula samaki wako. Siku hizi inamfuata mpaka chumbani, inaandikwa, inachorwa, inatumwa na watu waliolala vitandani ambao hata tiketi hawakununua. Imenichosha. Sina neno zuri zaidi.

Juzi Jumanne shemeji alinitumia ujumbe wa sauti uliokuwa unazunguka mji mzima. Ni mama wa mshambuliaji wetu wa sasa, mama wa hapahapa Kampemba. Anasema bila kupaza sauti: "Bantu ya Lubumbashi, miluzi nilisikia, nikanyamaza, njo mupira. Lakini bile bintu munaandika juu ya tumbo yenye ilimuzaa, nilisoma yote. Mutoto yangu aliwafanya nini?" Kisha mlango unafungwa mahali, na sauti inaisha.

Shemeji akaandika chini yake: umeisikia? Nikamjibu nimeisikia. Niliisikiliza tena nikiwa peke yangu jikoni, nikingoja nisikie mtu mwingine ndani yake, mwanamke mzima mwenye huruma kama kaku, akisema neno lolote la bongo sikioni mwa yule mama. Lakini mama huyo alikuwa peke yake na simu yake, na alikuwa ameelewa kila neno.